Umeinua Cruiser, Sasa Usukani Haurudi: Maswali Yenu kwa Fundi

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko huku Isyonje, nalima viazi na nabeba mizigo ya watu kushuka Uyole na Mwanjelwa. Gari yangu ni Land Cruiser pikapu, ile HZJ79 ya injini ya 1HZ, mbele ina koili. Kabla ya mvua niliiinua kama inchi mbili hivi, springi mpya na shokapu nne mpya, maana barabara ya kupanda Kitulo masika yakishika difu lilikuwa linaburuza tope. Tope sasa napita vizuri sana, shida ni lami. Nikikamata 80 gari inatangatanga, mara kushoto mara kulia, semi ikipishana na mimi ndo balaa kabisa, na nikikata kona usukani haurudi wenyewe mpaka niuvute kwa mkono. Alafu usukani ulikuwa umekaa upande, nikienda moja kwa moja unaangalia kulia. Nimepeleka alaimenti mara mbili wanasema too iko sawa, wakachomoa usukani wakaurudishia umenyooka, ila kutangatanga kuko palepale. Kingine, nikipakia magunia ya viazi inatulia kabisa, nikirudi mtupu inaanza tena. Tatizo ni nini? – *Mkulima, Isyonje*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la magunia umeliweka mwishoni kama nyongeza, lakini ndo jibu lenyewe, tutalifikia sasa hivi.

Gari yako mbele ina ekseli nzima, yaani ule mti mmoja wa chuma kutoka tairi hadi tairi na difu ndani yake, sio kama Hilux za sasa au Prado ambazo kila tairi la mbele lina mikono yake. Na gari ya ekseli nzima ukiiinua, too, yaani matairi ya mbele yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, haiguswi, maana tairodi, ile fimbo inayounganisha matairi mawili, imefungwa nako kwa nako (nako ni kile kichwa cha ekseli kinachogeuka na tairi), zote mbili ziko kwenye ekseli, haijui kama chesesi imepanda au imeshuka. Kemba nayo, ule mlalo wa tairi ukiliangalia kutoka mbele, imechomelewa kiwandani, haina hata bolti ya kuigeuza. Kwa hiyo hao jamaa wa alaimenti hawakukudanganya waliposema too iko sawa, ni kweli iko sawa, ila walikuwa wanapima kitu ambacho hakikuharibika.

Kilichoharibika ni kasta. Kasta ni ule mlalo wa kingi pini, yaani mhimili ambao nako inauzunguka ukikata usukani, ukiitazama gari kwa ubavuni, juu inatakiwa irudi nyuma kidogo kuliko chini. Angalia foku ya baiskeli ilivyolala, ndo maana baiskeli ikiwa kwenye mwendo unaweza kuachia mikono na bado inaenda mbele. Kwenye magari ya namna yako kiwandani inakuja kati ya digrii 2 na 4, na hizo digrii chache ndo zinazorudisha usukani baada ya kona na ndo zinashikilia gari kwenye mstari semi inapokusukumia upepo.

Sasa ingia chini ya gari uangalie. Kuna amu mbili ndefu, yaani mikono ya chuma, kila moja imeshika ekseli kwa bushi mbili, zile raba zenye ganda la chuma, moja mbele ya ekseli moja nyuma yake, alafu amu inarudi nyuma inashikwa kwenye chesesi kwa bushi moja. Kwa sababu imeshika ekseli sehemu mbili, amu ikiinama ekseli inazunguka nayo. Ulipoinua gari chesesi ilipanda, ikainua mkia wa amu, ekseli ikajizungusha na kichwa cha kingi pini kikaenda mbele. Inchi mbili, yaani kama milimita 50, inakula digrii kati ya 2 na 3. Kama ulikuwa na 3 toa hizo, umebaki na nini? Karibu na sifuri. Gari ya kasta sifuri inaenda, lakini kila shimo na kila upepo unaiambia pa kwenda.

Na magunia sasa. Ukipakia, nyuma inazama, chesesi yote inalala kwa nyuma na ekseli ya mbele inazunguka pamoja nayo, kasta inarudi kidogo. Pikapu yako kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 3,180, kwa hiyo nyuma ikishuka kama milimita 55 unapata digrii 1 nzima, na kwa mtu aliyebakiwa na karibu sifuri hiyo ni nyingi sana. Ndo maana inatulia na viazi. Kwa hiyo mtu akikushauri uongeze springi nyuma ili mkia upande zaidi, kataa, atakuondolea na hicho kidogo kilichobaki.

Kabla hujanunua chochote rudi pale penye mashine ya alaimenti, uwaambie wakusomee kasta, sio too, na wakupe karatasi. Mashine nyingi zinasoma kasta kwa kukata tairi kulia na kushoto, wanaruka hatua hiyo kwa sababu inachukua muda na kwa sababu ekseli nzima haina bolti ya kurekebisha. Wewe dai tu. Uende na gari ikiwa na mzigo wa kawaida, usiende mtupu kama siku nyingi unatembea umepakia, na usiende na tani moja mgongoni kama siku nyingi uko mtupu.

Kurekebisha kuna njia kama nne. Kuna bushi za kasta, ambazo tundu lake haliko katikati, unang'oa zile bushi mbili za kwenye ekseli kila upande unaweka hizi, zinarudisha kama digrii 2 na kitu. Kuna mabano ya kushusha mkia wa amu pale kwenye chesesi, haya yanarudisha kasta na gari inakuwa laini barabarani ila yananing'inia, kwenye mawe yanagonga. Kuna sahani za kutoboa matundu mapya pale amu inaposhika ekseli. Na kuna amu mpya kabisa zilizotengenezwa zimepinda, ghali, ila nzuri kwa aliyeinua zaidi ya inchi tatu. Wengine wanakata nako kwenye ekseli wanazizungusha na kuchomelea upya, hiyo ni kazi ya mtu mwenye jigi, yaani fremu ya kushikilia ekseli isipinde, na uzoefu, usimpe mtu yeyote mwenye mashine ya kuchomelea tu.

Kwako wewe, inchi mbili, tope na viazi, mimi ningeweka bushi za kasta, na ningechagua za raba kuliko za plastiki ngumu kwa sababu barabara yenu inataka ekseli icheze. Sasa hapa kwenye kuziingiza ndo watu wanaumia. Bushi ina alama, mshale au mstari uliochongwa kwenye ganda, na ile ya mbele ya ekseli tundu lake linatakiwa kwenda upande mmoja wa wima na ile ya nyuma upande wa pili, ndo ekseli inazunguka. Fundi akiziingiza kwenye presi bila kuangalia alama, zikakaa kinyume, gari inapoteza digrii nyingine 2 badala ya kuongeza, na unatoka gereji gari ikiwa mbaya kuliko ulivyoileta. Simama pale presi, hakikisha mmekubaliana alama inaangalia wapi kabla chuma hakijaingia, na bolti za amu zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake chini, ukizikaza ikiwa juu ya jeki raba inakaa imejinyonga na inakatika mapema.

Kitu kimoja ujue, ukiizungusha ekseli kurudisha kasta pua ya difu nayo inashuka, kwa hiyo propela shafti ya mbele inapata pembe mbaya zaidi. Kwako sio shida kubwa, maana una habu za kufungua, kwenye lami propela ya mbele haizunguki kabisa, utaisikia labda ukiwa umefunga nne kwa nne na huko unaenda polepole. Wenye Cruiser 80 zile za nne kwa nne muda wote ndo wawe makini, propela yao ya mbele inazunguka hata wakienda sokoni.

Twende kwenye usukani uliokaa upande, kwa sababu hapo umefanyiwa kosa linalotakiwa kurudishwa nyuma. Gari ikipanda, dragi linki, ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa stelingi boksi, lile boksi la gia za usukani, kwenda kwenye nako, inabadilika pembe, inavuta nako kidogo, basi usukani unakaa upande. Dawa yake ni kurefusha au kufupisha dragi linki. Kuchomoa usukani na kuuhamisha meno kunanyoosha usukani kwa macho tu, boksi lenyewe linabaki nje ya katikati yake, na boksi limetengenezwa liwe limekaza pale katikati, ukiliendesha pembeni unapata mchezo kwenye usukani, na tena upande mmoja unakata kona fupi kuliko mwingine. Waambie waurudishe usukani ulipokuwa, wafungue dragi linki, wahesabu mizunguko kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto, wagawe kwa mbili, hapo ndo katikati. Matairi yanyooshwe, alafu urefu wa dragi linki urekebishwe mpaka iingie bila kulazimishwa.

Ila kabla ya dragi linki kuna panadi, ule mti wa kulala unaozuia ekseli isiende kulia wala kushoto, upande mmoja uko kwenye chesesi mwingine kwenye ekseli. Gari ikipanda, panadi inasimama zaidi, inafupika kwa upana, inavuta ekseli yote kuelekea upande ule ilikoshikwa na chesesi. Chukua timazi, ining'inize kutoka kwenye chesesi kulia na kushoto, pima hadi kwenye ukingo wa rimu, tofauti ikiwa milimita chache achana nayo, ikikaribia sentimita weka panadi ya kurefusha. Na usimruhusu mtu ahamishe bano la panadi peke yake akaacha dragi linki na pembe yake, hizi mbili zinatakiwa zilale sambamba, zikitofautiana kila tuta unalopita usukani unavutwa wenyewe.

Kwa hiyo mpangilio ni panadi kwanza, kasta ifuate, too, mwisho kabisa dragi linki. Ukianza na usukani utaurudia tena, maana kila kimoja kilicho kabla yake kwenye mpangilio kinausogeza.

Too unaweza kuipima mwenyewe nyumbani. Inua tairi, lizungushe huku umeshika msumari umeegemea kitu kisichotikisika, upate mstari mwembamba kuzunguka tairi lote, fanya na la pili. Shusha gari, isukume mbele kidogo ikae kwenye springi zake. Weka alama ya chaki juu ya ule mstari kwa nyuma ya tairi, usawa wa katikati ya habu, pima kutoka mstari wa kushoto hadi wa kulia. Isukume gari mbele nusu mzunguko mpaka chaki zije mbele usawa uleule, pima tena. Mbele inatakiwa iwe fupi kuliko nyuma kwa milimita 1 hadi 3. Kama sivyo legeza klampu za tairodi, zungusha bomba lake kwa paipu renchi, upande mmoja una nyuzi za kawaida na mwingine za kinyume kwa hiyo ukizungusha inarefuka au inafupika. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, ukiirefusha mbele ya matairi inabana, ikiwa mbele ya ekseli ni kinyume chake.

Na hozi za breki, tafadhali. Inua gari kwa chesesi ekseli ining'inie, kata usukani hadi mwisho kila upande, uangalie kama hozi imekaza. Ikiwa imekaza nunua ndefu kabla hujarudi barabarani.

SWALI: Habari za kazi fundi. Tuna Nissan Patrol Y61 iliyoinuliwa, inapeleka mafundi wa mbao mashambani huku Mufindi. Ikifika 70 ikagonga shimo dogo tu usukani unaanza kutetemeka vibaya sana, mbele yote inacheza, mpaka usimame ndo inaacha. Tulishafunga dampa ya stelingi mpya ikapona kwa muda ikarudi. Sasa wanatuambia tufunge dampa mbili. – *Mama wa mbao, Mafinga*

JIBU: Pole dada, na usifunge ya pili. Dampa, ile shokapu ndogo ya usukani, inanyamazisha mtetemo, haiondoi kinachouleta, na siku ikichoka utetemeko unarudi mkubwa kuliko wa mwanzo kwa sababu kilicholegea kimeendelea kulegea chini kwa chini.

Anza na vitu rahisi. Gari za mashambani tope linakauka ndani ya rimu, donge upande mmoja, hilo tu linatosha kuiyumbisha tairi kubwa. Oshea ndani ya rimu zote alafu mbalansi. Baada ya hapo washa injini, gari ikiwa chini, mtu mmoja akae kwenye usukani aucheze kidogokidogo kulia kushoto bila kuacha, wewe au fundi alale chini ashike kila kiungo kwa mkono kimoja baada ya kingine: panadi ncha zote mbili, tairodi endi, dragi linki, bolti za stelingi boksi kwenye chesesi. Mkono unasikia mchezo ambao jicho halioni. Ningetazama panadi kabla ya vyote, bushi zikiisha au tundu la bolti likawa la yai, kukaza nati hakusaidii tena.

Kisha jeki. Inua tairi moja, shika juu na chini, tikisa. Likicheza mwambie mtu akanyage breki uendelee kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi za tairi, maana breki imefunga habu na nako kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki na breki imekanyagwa, ni beringi za kingi pini, na kwenye Patrol zinakazwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, kazi ya kufungua nako. Hizo zikilegea hakuna alaimenti itakayosaidia.

Kasta mpime pia, ila msiongeze kupita kiwango mkidhani ndo dawa, ikizidi sana nayo inaleta kutetemeka. Na mpaka hapo ipone dereva asipite 50, ikianza aachie mafuta taratibu, ashike usukani bila kupigana nao, asikate ghafla.

SWALI: Fundi mambo, mi nina Cruiser ya zamani HZJ75, mbele ni springi za vyuma bapa, niko Chunya. Nimeongeza springi, usukani umekuwa mwepesi na haurudi. Bushi za kasta sioni pa kuweka. – *Mchimbaji, Chunya*

JIBU: Hauna amu, kwa hiyo wewe unatumia kabari, kipande cha chuma kilichochongwa mnene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kinakaa kati ya springi na ekseli. Springi ikiwa chini ya ekseli upande mnene uelekee mbele ya gari, springi ikiwa juu ya ekseli upande mnene uelekee nyuma. Tafuta za chuma, zile laini za alumini zinasagika. Bolti ya katikati ya springi lazima ipite ndani ya kabari na ishike tundu lake kwenye ekseli, kwa hiyo ununue ndefu zaidi, na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, weka mpya, ukaze tena baada ya kutembea siku kadhaa maana vitu vipya vinakaa. Ukimaliza pima too upya.

SWALI: Fundi, nina Cruiser 80 natembeza wageni Ruaha. Nimepima alaimenti Iringa mjini, karatasi inaonyesha kemba ya kushoto imeingia ndani, kulia iko sawa, gari inavuta kushoto. Wanataka kuipasha ekseli moto kwa gesi waipinde irudi. Nikubali? – *Dereva, Iringa*

JIBU: Usikubali kaka. Ekseli hiyo ikipashwa moto inapoteza ugumu wake pale pale palipopashwa, na wewe unabeba watu saba kwenye mawe ya kutoka Tungamalenga na ukishuka Dar unapita Kitonga. Kemba kwenye ekseli nzima haibadiliki kwa kuinua gari, ikitofautiana kushoto na kulia kuna kitu kimechoka au kimepinda, na cha kuchoka ndo cha kawaida zaidi. Fanya ule mtihani wa jeki na breki nilioueleza kwa dada wa Mafinga, beringi za kingi pini za kushoto zikilegea tairi linalala na karatasi inaandika kemba mbaya. Badilisha beringi, weka shimu, pima tena. Ikirudi kwenye kama digrii 1, juu ikiwa imetoka nje kidogo, umemaliza. Ikibaki vilevile na mchezo hakuna, ekseli yenyewe imepinda, tafuta nyingine nzima kwenye spea za gari zilizochinjwa, uipime imenyooka kwa uzi kutoka ncha hadi ncha kabla hujalipa.